Hodi ya Mwenye Haja: Uchambuzi wa Msamaha wa Ada ya Maombi ya Chuo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa mwezi wa Julai, baraza za Kikwajuni mjini Unguja, kutoka Weles hadi Bondeni chini ya majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi, huwa mahali pa hesabu za namna mbili: hesabu ya alama alizozipata kijana, ambayo husomwa kwa sauti ili jirani naye asikie na afurahi, na hesabu ya fedha zitakiwazo ili alama hizo zimfikishe chuoni, ambayo aghalabu hufanywa ndani, mlango ukiwa umerudishwa, baina ya mama na mwana, kwa sauti ambayo hata aliyeketi ukumbini haipati. Nimesomesha skuli kwa miaka mingi, na sasa, nikiwa mstaafu katika mtaa huu huu, nimejaaliwa kuzisikia hesabu zote mbili. Ninalotaka kulichambua hapa ni tarakimu moja tu ya hesabu ile ya pili, ambayo wengi huipita kwa udogo wake, nayo ni ada ya maombi, yaani fedha anazotozwa mtu si kwa kusomeshwa bali kwa kubisha hodi; na pamoja nayo msamaha wa ada hiyo, ambao katika vyuo kadha wa kadha ulimwenguni hupewa mwenye haja, na ambao mwenye haja wetu, ama hajui kuwa upo, ama anajua na akaona haya kuuomba.

Jambo hili lina uzito wake pekee katika Unguja na Pemba kwa sababu ya tarehe 23 Septemba 1964, siku ambayo Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alitangaza elimu bila ya malipo, na ambayo hata leo huadhimishwa kila mwaka na wanafunzi wa visiwa hivi. Ni kweli kwamba baadaye, uchumi ulipobana, michango ya wazazi ilirejea katika skuli, na ikabidi iondolewe tena katika zama za urais wa Dk. Ali Mohamed Shein. Walakini itikadi yenyewe, ya kwamba mtoto wa kuli na mtoto wa mfanyabiashara wanaingia darasani kwa mlango mmoja bila ya kuulizwa mfukoni, ilikwisha kuota mizizi ndani ya nyoyo za watu. Sare, madaftari na masomo ya ziada ya jioni yana gharama zake, na sitaki kuzidharau, lakini hizo mzazi huzilipa kidogo kidogo, leo kiatu na kesho kalamu, na mwenye duka akamstahimilia hadi mwisho wa mwezi. Ada ya maombi haina subira hiyo: inadai yote kwa mkupuo mmoja, kwa namba ya malipo iliyotolewa na mashine, kabla ya dirisha kufungwa. Kwa hiyo kijana aliyesoma tangu maandalizi hadi kidato cha sita bila ya kukatiwa risiti ya ada hata siku moja, risiti ya kwanza ya elimu inayotoka kwa jina lake mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa au ishirini, ni ile ya kuomba nafasi ambayo huenda asiipate.

Tutazame kiasi chenyewe. Kati ya 2010 na 2016 maombi ya vyuo vikuu vya Tanzania yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambapo mwombaji alilipa mara moja kisha akapanga machaguo yake. Tangu 2017 kila chuo kinapokea maombi yake chenyewe, na kila chuo kina ada yake, ambayo kwa vyuo vingi ni kiasi cha shilingi 10,000. Mabadiliko hayo yalikuwa na hoja zake, kwani vyuo vililalamika kuletewa wanafunzi wasiowachagua, na wanafunzi nao wakalalamika kupelekwa wasikotaka, lakini kwa upande wa muhtaji ule mlango mmoja uligeuka kuwa milango mingi, na kila mlango una bawabu wake. Mwanafunzi wa sayansi anayetaka kusomea uuguzi au maabara, na ambaye kwa busara angeomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na Muhimbili, na Dodoma, na kimoja zaidi cha akiba, anahitaji kiasi cha shilingi 50,000. Na akitaka mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Tanzania, ambayo ada yake ya maombi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, jumla inafika 80,000, karibu robo ya kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichotangazwa Zanzibar mwaka 2022, yaani shilingi 347,000. Na hapo nimemkadiria mzazi mwenye mshahara, ilhali wengi wa wazazi ninaowazungumzia hawana mshahara bali wana riziki, na riziki haina tarehe.

Katika ada hizi zote, ile ya mkopo ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa kuwa aombaye mkopo wa kusoma amekwisha kukiri, kwa tendo lenyewe la kuomba, kwamba hana fedha za kusomea, na hata hivyo hutakiwa alipe kwanza ndipo fomu impokee maelezo ya kutokuwa nacho kwake.

Na nini hutokea anapokosa? Aghalabu si kwamba kijana anaacha kuomba kabisa, maana 10,000 moja itapatikana kwa shangazi au kwa mjomba. Hutokea jambo la siri zaidi, nalo ni kwamba anaomba chuo kimoja tu, na katika chuo hicho anachagua kozi asiyoipenda lakini ambayo ana yakini ya kuipata, kwa sababu hana fedha za kukosea. Mwenzake mwenye alama zile zile, lakini ambaye baba yake ana duka Darajani, anaomba vyuo sita, na katika sita hivyo viwili ni vya kujaribu bahati, na bahati nayo, kama tujuavyo, humpata aliyejitokeza. Baada ya miaka mitano mmoja ni daktari na mwengine anafanya kazi ambayo moyo wake haumo, na watu husema kwamba yule wa kwanza alikuwa na akili zaidi.

Vyuo hutoa hoja mbili za kutoza ada hii. Ya kwanza ni gharama: makarani, mitambo, barua, uhakiki wa vyeti, na hoja hii naikubali, kwa kuwa chuo si mti uotao wenyewe. Ya pili ni kwamba ada huwazuia wasio na nia ya kweli, wasije wakajaza maombi kwa mzaha. Na hii ndiyo ninayoikataa, kwa sababu fedha haipimi nia. Kijana tajiri asiye na nia hulipa 10,000 bila ya kukumbuka jioni kwamba alilipa, na maskini mwenye nia ya kufa na kupona huzuiwa na kiasi kile kile. Chujio ambalo linapitisha makapi na kuzuia mchele mwanamke yeyote wa Kikwajuni angelitupa.

Sasa nije kwenye msamaha wenyewe, na nianze na neno, kwa kuwa naona nusu ya taabu imo katika neno. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni ukarimu, wepesi wa mtu katika madai yake, moyo wa kuachilia. Lakini lilipovuka bahari na kukaa katika vinywa vyetu lilielemea upande wa kosa, hata leo husemwa mtu “ameomba msamaha” nasi tukamwuliza amefanya nini. Anayeambiwa aombe msamaha wa ada husikia, chini ya maneno, kwamba ufukara ni hatia. Juu ya hayo sisi ni watu wa sitara. Nyumba ya Mswahili hupakwa chokaa upande wa barazani kwanza. Mgeni hutolewa chai katika kikombe ambacho wenyewe hawanywei. Mtu aliyelala na njaa huamka akapiga mswaki akatoka kana kwamba amekula. Tabia hii si unafiki, ni heshima ya watu ambao walijua kwamba shida ya mtu ikishaenea mtaani haifichiki tena. Lakini ndiyo inayofanya kwamba fomu iulizayo “Je, una haja?” ipate jibu la hapana kutoka kwa mwenye haja kuliko wote.

Miaka michache iliyopita alinijia binti wa jirani, mama yake hukaanga badia na katlesi jioni kwa kuuza, na baba yake alikuwa kuli wa bandarini Malindi hadi maradhi ya mgongo yalipomweka kitandani. Alikuwa anajaza maombi ya chuo kimoja cha Marekani, na alikwama mahali pa kueleza kwa nini asilipe ada.

“Shikamoo Maalim,” akaniambia, na akakaa kimya kwa muda kabla ya kuendelea. “Maalim, wanataka niandike kwamba hatuna. Nitaandikaje hatuna, na mama hajapata kutulaza bila ya kutupikia?”

Nikamwambia: “Mwanangu, hawakukuuliza kama mnakula. Wamekuuliza, fedha hii mkiitoa, kitapungua nini nyumbani. Basi andika kitakachopungua.”

Akafikiri, akasema kitakachopungua ni mafuta ya kukaangia, na mafuta yakipungua hakuna badia, na pasipokuwa na badia hakuna dawa ya baba. Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Tangu siku ile naamini kwamba hii ndiyo tafsiri sahihi ya haja ya kifedha, na kwamba ingelitumika katika fomu zetu badala ya kumtaka mtu ajiite maskini, wengi wangelijibu bila ya kutahayari. Kwani kusema nini kitapungua ni kueleza hesabu, na kusema mimi ni maskini ni kujivua nguo.

Wanavyuoni wa dini walilijadili suala hili la haja kabla ya vyuo vikuu kuwapo. Katika kugawa zaka hutenganishwa fakiri na masikini, na fuqahaa wamehitilafiana ni yupi kati yao aliye na dhiki zaidi. Lakini liko fundisho jengine, katika Suratul-Baqara, juu ya watu wenye haja ambao asiyewajua huwadhania kuwa matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, na kwamba hao wajulikane kwa alama zao. Anayetafakari fundisho hili ataona kwamba mzigo wa kutambua umewekwa juu ya mtoaji. Mwenye kutoa ndiye atakiwaye kuwa na jicho. Utaratibu unaokaa kitako ukingoja kuombwa utawapata wajasiri, na miongoni mwa wajasiri wamo wenye haja na wasio na haja, lakini wale wenye haya utawakosa wote. Kauli yangu katika uchambuzi mzima ni hii, na yaliyobaki ni maelezo yake: haja iliyokwisha kujulikana haifai kuombwa tena, na msamaha wa ada ya maombi ungepaswa kumwendea mwanafunzi, si mwanafunzi kuuendea.

Tazama ni mara ngapi haja ya kijana mmoja inakuwa imekwisha kujulikana. Kama nyumba yao imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao ulianza 2012 na umehudumia Unguja na Pemba kama ulivyohudumia Bara, basi watu wa dola wamekwisha kufika kwao, wamehesabu vyumba na vyakula, wakaandika na wakatoa namba. Kama baba amefariki, cheti cha kifo kimeandikishwa serikalini. Kama amesoma skuli ya serikali, mwalimu mkuu anajua ni nani aliyekuja na kiatu kilichoshonwa mara tatu. Na juu ya hao wote yuko sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Zamani, chini ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, masheha walizijua kaya za watu wao ili wakusanye kodi. Leo sheha anazijua ili aandike barua, na barua ya sheha ndiyo ufunguo wa karibu kila jambo katika visiwa hivi, kutoka kitambulisho hadi maziko. Elimu ya kumjua muhtaji hatukuikosa hata kidogo. Tulichokosa ni uzi wa kuunganisha daftari la mmoja na daftari la mwengine, na kwa kuwa uzi huo haupo, anatumwa kijana akimbie baina yao kwa miguu.

Na mbio hizo zina bei. Nakala za vyeti, picha ndogo za mandhari ya buluu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, muhuri wa hakimu au wakili kwenye hati ya kiapo, nauli ya daladala kutoka mjini hadi Tunguu na kurudi kwa sababu karani amesema sahihi haikukaa penye mstari: ukijumlisha hayo, kuthibitisha kwamba huna shilingi 30,000 kwaweza kukugharimu fedha hizo hizo au zaidi. Nimemwona mzee mmoja, mvuvi, aliyepoteza siku tatu za bamvua, ambazo ndizo siku zake za samaki, akifuatilia barua ya kuthibitisha kwamba kipato chake ni kidogo. Alipoipata barua, kipato chake kilikuwa kidogo zaidi kuliko kilichoandikwa.

Huko Marekani, ambako jambo hili limeendelea zaidi pengine kwa kuwa ada zao ni kubwa zaidi, utaratibu ni mwengine, na inafaa kuusimulia kwa kuwa vijana wetu wengi huuogopa bila ya kuujua. Ada ya chuo kimoja aghalabu ni kati ya dola 50 na 90. Anayeomba vyuo vinane, kama washauri wao wanavyousia, aweza kuhitaji dola 600, ambazo kwa kukadiria dola moja kwa shilingi 2,500 ni milioni moja na nusu, zaidi ya mishahara ya miezi minne ya kile kima cha chini nilichokitaja. Lakini ndani ya Common App, mfumo wa pamoja unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, kipo kisehemu kinachomwuliza mwombaji kama anastahiki kusamehewa, na chini yake zimeorodheshwa sababu. Nyingi ya sababu hizo ni za kwao wenyewe, kama vile kupata chakula cha bure cha skuli au kuishi katika nyumba za ruzuku ya serikali, na kijana wa Zanzibar anapozisoma hudhani kwamba mlango si wake. Inayomhusu imekaa mwishoni: ya kwamba aweza kuleta maelezo ya ofisa wa skuli, au mshauri, au kiongozi wa jamii, yanayoshuhudia hali yake. Kiongozi wa jamii! Sheha wa Kikwajuni hajui kwamba ametajwa huko, lakini ametajwa. Mwombaji huweka alama, hutia sahihi, na mwalimu wake huthibitisha. Haombwi hati ya kiapo, wala picha ya nyumba, wala muhuri wa hakimu. Vyuo vingi pia, hata visivyotumia mfumo huo, humsikiliza mwanafunzi wa kigeni akiwaandikia moja kwa moja ofisi ya udahili, na viko ambavyo havitozi ada hata kidogo.

Uingereza nako, karibu maombi yote ya shahada ya kwanza hupitia mfumo wa pamoja wa UCAS kwa ada moja, na kwa walioomba kuingia mwaka 2025, ada hiyo, iliyokuwa pauni 28.50, iliondolewa kwa wanafunzi wa huko waliokuwa wakipata chakula cha bure skuli. Hapa ndipo ninapoona mfano halisi wa yale niliyoyasema: haja ilikwisha kuthibitishwa mahali pengine kwa ajili ya chakula, na uthibitisho ule ule ukatosha kwa ajili ya ada. Ujerumani kwa upande wake, ambako masomo yenyewe katika vyuo vingi vya umma hayana ada, uhakiki wa vyeti vya wageni kupitia shirika la uni-assist hulipiwa yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi linalofuata, ikawa mlango ni ghali kuliko nyumba. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambao vijana wetu wengi huukimbilia, hauna ada ya maombi, na ninadhani hiyo ni sehemu moja ya sababu ya kukimbiliwa.

Barua ya kuomba msamaha huu, pale inapohitajika, ni fupi, na wengi huiharibu kwa kuirefusha. Nimesoma barua za vijana zilizoanza kwa aya mbili za kumsifu mwandikiwa na kumwombea umri mrefu, kisha zikaingia katika vilio, na hadi mwisho msomaji hakuambiwa mzazi anapata kiasi gani. Adabu yetu ya kuandika barua ni nzuri, nami nimeisomesha, lakini ofisa wa udahili mwenye barua mia mbele yake anahitaji mambo machache tu: jina la mwombaji na namba ya ombi lake, ni nani anayelisha nyumba na kwa kazi gani, ni watu wangapi wanaolishwa, kwa mwezi hupatikana kiasi gani kwa kukadiria, kimegeuzwa kuwa dola, na ada hiyo ni sehemu gani ya kipato hicho. Mwanafunzi aseme wazi kwamba anaomba kusamehewa ada ya maombi, asije akachanganya na ufadhili wa masomo, kwa kuwa hayo ni mambo mawili, na anayepewa la kwanza hajapewa la pili. Mwalimu mkuu aweke mistari yake mitatu chini au katika karatasi yake, yenye nembo ya skuli. Na iandikwe mapema, wiki tatu au nne kabla ya mwisho, kwa sababu msamaha unaofika baada ya dirisha kufungwa haumfai mtu.

Ninawaonya wazazi jambo moja kwa haraka: msamaha hauuzwi. Yeyote anayedai shilingi elfu hamsini ili akupatie msamaha wa ada ni mwizi, na anaiba kwa jina la huruma.

Hoja inayoletwa daima dhidi ya msamaha ni kwamba watu watasema uongo. Watasema, baadhi yao, sikatai. Mwenye gari ataandika kwamba ana baiskeli. Lakini tulipime kosa kwa pande zote mbili. Chuo kikimsamehe asiyestahiki kimepoteza shilingi 10,000; kikimzuia anayestahiki amepotea mtu, pamoja na darasa ambalo angelisomesha au wodi ambayo angeliihudumia. Mfanyabiashara yeyote wa Darajani ajuaye mizani angelichagua hasara ya kwanza bila ya kusita. Na nathubutu kusema, kwa uzoefu wa miaka yangu ya kusomesha, kwamba kijana anayeaminiwa kwa neno lake huogopa kusema uongo kuliko yule anayetakiwa muhuri, kwa sababu wa kwanza amepewa amana na wa pili amepewa mtihani.

Kwa jirani zetu wa Kenya kuna jambo la kujifunza. Tangu 2004 mpango uitwao KenSAP umewachukua vijana wenye akili na wasio na uwezo, kwanza kutoka Bonde la Ufa, ukawaandaa kwa mitihani, ukawashika mkono katika kujaza maombi na kuzivuka ada zake, na wengi wao wakafika katika vyuo vinavyotajwa kwa heshima duniani. Wakati vijana wale walipokuwa hawana mtu wa kuwaonesha njia, akili zao zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni watu wazima waliokaa nao mezani. Skuli zetu za sekondari hazikujaaliwa kuwa na mshauri wa kazi hiyo peke yake, na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki hawezi kuifanya kwa ukamilifu, lakini kila skuli yaweza kumteua mmoja, miezi ya Julai hadi Septemba, akae alasiri mbili kwa wiki na waliomaliza, akiwa na orodha ya wale wa kaya za TASAF na wale waliofiwa, naye awafuate yeye, awaambie, “Wewe, fomu yako iko wapi?” kabla hawajaamua kimya kimya kubaki nyumbani.

Na kwa upande wa fedha, sioni kwa nini tutazame mbali. Hiki ni kisiwa cha wakfu. Wazee waliweka wakfu nyumba na mashamba ya minazi na mikarafuu kwa ajili ya misikiti, madrasa, visima na mafakiri, na usimamizi wake una kamisheni yake, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo mizizi yake inarudi hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Hakuna sharti kwamba kila wakfu uwe wa kisima au wa mkeka. Mtu mwenye duka moja tu pale Mchangani, linalokodishwa, tuseme, kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, akiliweka wakfu kwa ajili ya ada za maombi za vijana wa mitaa ya mjini, anatoa shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani maombi 240 ya shilingi 10,000, na fedha hizo zilipwe moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, kwa ushahidi wa mwalimu wake na sheha wake, bila ya jina lake kubandikwa ubaoni wala kusomwa msikitini. Vijana 48, kila mmoja akibisha milango mitano. Nimemwuliza mwanasheria mmoja wa mambo haya hati ya namna hiyo ingeliandikwaje, akaniambia kwamba haizidi kurasa mbili.